Nilivyoitwa Maini

Watu wa Nakuru waliponipa jina la Maini, nilidhani wananisifu. Nyumbani kwetu maini yalikuwa chakula cha wazee na wageni. Mtoto aliyaonja akiwa mgonjwa tu. Kwa hiyo nilipopita Bondeni siku ya Jumatatu baada ya mechi, na muuza nyama akaniita kutoka ndani ya duka lake, "Wewe Maini, leo unauza ratili ngapi?", nilicheka naye na kumpungia mkono. Nilikuwa kijana. Jina lolote lililoitwa kwa sauti kubwa lilinifurahisha.

Maana ya jina hilo nilikuja kuelezwa na mtu mmoja, na mtu huyo amezikwa mwaka huu kule Gilgil. Habari zilinifikia maziko yakiwa yameshapita. Nimekaa na msiba wake peke yangu, kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyebaki anayemfahamu, na mimi mwenyewe sina neno la kumwita. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu. Miaka mingi tulikutana mara moja moja kwenye mnada wa ng'ombe, tukaulizana habari za mvua na za watoto, tukaachana. Alikuwa golikipa aliyenitangulia. Hivyo tu.

Mimi nilizaliwa Ndabibi, kwenye shamba la Mzungu. Baba yangu alikuwa ametoka Maragoli kuja kukamua ng'ombe. Shule niliiacha darasa la nne, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama juu ya lori wakati wa kuvuna kabichi. Watu wawili walisimama chini, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakinirushia bila kungojana, nami nadaka na kupanga. Kabichi iliyoanguka ilipasuka, na iliyopasuka haikuuzika, na nyapara alikuwa na fimbo. Sikufundishwa ugolikipa mahali pengine popote. Nilipocheza Gilgil na timu ya shamba, dhidi ya askari wa kambini, nilidaka mpira kama ninavyodaka kabichi, kwa kuukumbatia usipasuke, na watu wakacheka mpaka wakaacha kucheka. Siku hiyo nyapara wa kinu kimoja cha ngano cha Nakuru alikuwa amekuja kumwona shemeji yake. Baada ya muda mfupi niliitwa.

Kinu kilikuwa na timu, na meneja wake, Mzungu mnene mwenye kiko, aliipenda timu hiyo kuliko kinu chenyewe. Kwenye karatasi za ofisi nilikuwa mfagiaji wa unga. Kweli nilifagia, na jioni nilirudi nyumbani kichwa cheupe kama mzee. Lakini kila mtu alijua nimeajiriwa kwa sababu ya mikono. Mchezaji mzuri alipewa kazi nyepesi na chumba katika nyumba za kinu, zile za mstari mmoja karibu na reli. Akishindwa uwanjani, kazi na chumba vilikwenda pamoja. Siku hizi husema mtu ni mchezaji wa kulipwa. Sisi hatukuwa na jina hilo, ila mtoto wangu alilala chini ya bati kwa sababu ya mipira niliyoidaka.

Sikuuliza kwa nini nafasi ya golikipa ilikuwa wazi. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Hakuna mtu wa Bonde la Ufa wakati huo aliyeuliza nafasi imepatikanaje.

Mwenye nafasi alikuwa Mkikuyu. Asubuhi moja polisi walikuja na malori, wakawatoa watu wote nje, wakawapanga, wakauliza kila mmoja kabila lake na kipande chake cha utambulisho. Wasio Wakikuyu wakaambiwa warudi kazini. Yeye alipelekwa kizuizini. Mke wake na watoto walipakiwa kwenye gari la moshi na kurudishwa katika nchi ya Wakikuyu. Siku hiyo mimi nilikuwa Ndabibi juu ya lori la kabichi. Sikumjua, sikumchongea, sikunyoosha kidole. Mara nyingi nimejipekua nikitafuta kosa, maana kosa lina toba yake. Silipati. Ninachopata ni gunia la makaa, nusu yake, ambalo mke wake aliliacha nyuma ya mlango. Chakula chetu cha kwanza katika chumba kile tulikipika kwa makaa hayo, na mke wangu alisema ni makaa mazuri, hayatoi moshi.

Nilipewa pia sweta lake, la kijani kibichi, limeshonwa viwiko kwa uzi wa kahawia. Lilinitosha. Na uwanjani, mbele ya lango, ardhi ilikuwa imechimbika mahali pawili kwa visigino vyake. Udongo wetu wa Nakuru ni vumbi jepesi, ukilisugua linakimbia, kwa hiyo alama za mtu aliyesimama pale miaka kadhaa hazikuwa ndogo. Nilisimama humo humo. Nilipojaribu kusimama kando, miguu yenyewe ilirudi.

Siku ya kwanza ya mazoezi mpira wa juu ulikuja, nikatoka langoni nikipiga kelele, "Wacha!" Beki wetu mkubwa hakuacha. Alikuwa mtu wa Bunyore, mzito, kichwa chake kama jiwe la kusagia. Tuligongana tukaanguka wote wawili. Alikaa vumbini akijisugua paji la uso, akaniambia kwa upole:

"Sikia, ndugu yangu. Hapa hatusemi wacha. Wacha inasemwa na kila mtu, hata adui. Ukitaka mpira sema maini. Yule wa kwanza alikuwa anasema hivyo. Miguu yetu inasikia maini peke yake."

Nilimuuliza ni maini ya nini. Akasema kwamba hajui, labda golikipa hupata nguvu huko. Yeye akisikia maini anaondoka, basi. Mabeki wote walikuwa hivyo. Nikajifunza. Kila mpira wa juu nilitoka na kelele hiyo, na mbele yangu watu wazima waligawanyika kama kondoo. Wiki chache hazikupita uwanja mzima ulikuwa umeishika. Tulipokuwa tukishinda waliimba maini, na siku niliyofungwa mabao manne mtu mmoja aliyepanda juu ya mti alisema maini haya yameoza, yarudishwe buchani. Mke wangu akiwa mferejini aliitwa Mama Maini. Binti yetu alizaliwa ndani ya jina hilo. Nilicheza misimu mitatu, nikawa najulikana mpaka Naivasha, na sitadanganya, nilikuwa na furaha.

Alirudi wakati watu walipoanza kuachiliwa. Mimi sikumtambua. Tulikuwa mazoezini, na golini petu hapakuwa na wavu, kwa hiyo mpira ukipita ulikwenda mpaka kwenye reli. Nikaona kuna mtu mrefu amesimama nyuma yangu, kichwa kimenyolewa, koti kubwa kuliko yeye, akituokotea mipira. Alikuwa anairudisha kwa mkono, chini chini, na kila mmoja ulifika mguuni pa mtu. Baadaye kidogo nikasikia anasema, si kwa ukali, "Sogea mbele." Nikasogea, nikadaka. Sikujua kwa nini nimemtii.

Kisha beki mkubwa akageuka akamwona. Alikimbia akamkumbatia, akamwinua kutoka chini. Halafu akaniona mimi ninatazama, akamweka chini na kuondoa mikono yake haraka, kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Hapo nikajua ni nani.

Mambo yake yalikuwa wazi, na sote tuliyajua kabla ya jioni. Alikuwa na kibali cha siku chache cha kutafuta kazi mjini. Akipata tajiri wa kumwandika, angekaa Nakuru na kumleta mke wake, ambaye huko alikorudishwa hakuwa na hata pa kupanda maharagwe. Asipopata, angeondoka. Alikuwa amezunguka kila kinu na kila karakana, na watu waliona kipande chake wakatikisa kichwa. Meneja wetu alimkumbuka. Lakini kinu hakikuhitaji mfagiaji wa pili, na lango ni moja. Meneja akasema watu wa kinu wagawanywe timu mbili Jumamosi asubuhi, kila golikipa asimame kipindi kimoja langoni nyuma ya mabeki wa timu ya kwanza, na atakayempendeza ndiye atakayebaki.

Asubuhi hiyo, kabla ya mchezo, alikuja mlangoni kwetu. Alisimama nje, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wake, akamsalimu mke wangu, "Habari ya hapa, mama." Mke wangu akamkaribisha chai. Nilimwonyesha kitanda, kile kile tulichokikuta chumbani, maana hatukuwa na kiti, naye akakataa na kukaa juu ya debe. Alikunywa akitazama ndani ya kikombe tu. Alisema alikuja kunisalimu ili tusikutane uwanjani kama majogoo. Akauliza umri wa mtoto. Kisha akauliza, kwa namna ya kutafuta maneno, mimi nikitoka langoni huwa naitaje.

"Naita maini," nikasema.

Akainua kichwa. "Nani alikufundisha?"

"Beki. Alisema ni yako."

Alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba hakuwa mzee. Akasema, "Kumbe bado wanasikia nyama. Si maini, bwana. Ni Kiingereza. Tulifundishwa na mwalimu wa misheni. Ukiita hivyo unawaambia, huu ni wangu."

Mke wangu naye alicheka, mkono mdomoni, kisha akaacha. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya kitanda chake. Misimu mitatu nilikuwa nimesimama ndani ya visigino vya mtu huyu, nimevaa sweta lake, nikitangaza kwa sauti ya juu kabisa mbele ya watu wa Nakuru kwamba ni changu. Na watu walinishangilia, na mtu mwenyewe alikuwa akivunja mawe kizuizini. Yeye hakuwa na habari kwamba amenikata maini. Alikuwa bado anatabasamu juu ya ujinga wa mabeki. Alishukuru kwa chai akatoka.

Uwanjani yeye alipewa kipindi cha kwanza. Wakati wa kuanza, mmoja wa mabeki wake hakutokea, amezuiwa kwenye mashine. Nyapara akanitazama nikiwa nimekaa pembeni, akaniambia nijaze nafasi ile mpaka mapumziko, nisimame tu, nisifanye mambo mengi. Basi nikajikuta nacheza mbele ya mtu ambaye ningeshindana naye baada ya dakika chache, nikilinda lango lake.

Alikuwa golikipa kuliko mimi. Nilijua tangu mpira wa kwanza. Mimi nilidaka kwa kuruka. Yeye mpira ulimkuta amefika. Alikuwa amekonda, pumzi ilikuwa fupi, lakini hakupoteza hatua. Meneja alisimama karibu na gari lake akivuta kiko na kutikisa kichwa taratibu, na nyapara alikuwa tayari ananitazama kwa huruma. Nilianza kufikiri jinsi ya kumwambia mke wangu.

Ndipo winga wao akapiga mpira wa juu kutoka upande wa reli. Ulining'inia mbele ya lango letu. Nyuma yangu nikasikia sauti yake, kubwa, safi, inatoka langoni:

"Maini!"

Mabeki wote wakaondoka. Beki mkubwa aliinama kabisa. Na mimi, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimeelezwa maana ya neno, nikaruka. Sikuwaza. Kwa misimu mitatu neno lile lilikuwa halijasikika uwanjani ila mikono yangu ilipoinuka pamoja nalo, na sasa lilipoitwa mikono ikainuka. Niliudaka mpira juu ya vidole vyake. Niliuona uso wake karibu na wangu hewani. Nikatua chini, nimeukumbatia kifuani, beki mwenye mpira mikononi, na golikipa amesimama kando yangu mikono mitupu.

Kisha filimbi. Kisha uwanja wote ukaanguka kwa kicheko. Watu walilala chini. Mtu alisema, "Jamani, maini yamerukia sahani ya mwenyewe!" Nikaona meneja ameshika mlango wa gari asianguke, machozi yanamtoka. Alimwita nyapara, na akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Hii mutu iko golikipa kabisa! Hata wewe naweka yeye mbele, mikono hapana sikia! Basi. Mimi nataka hii." Akaingia garini.

Nilikuwa bado nimeushika mpira. Meneja alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, na Kiswahili changu alikielewa. Ningeweza kusema, bwana, hujaona kipindi chote. Ningeweza kusema, huyu ananishinda. Nilifungua mdomo, nikamfikiria binti yangu, na chumba, na lori la kabichi, nikaufunga. Gari likaondoka. Vumbi lake lilitupitia.

Penalti ilikuwa bado haijapigwa. Refa, ambaye alikuwa karani wa kinu, alisema sheria ni sheria. Winga wao akauweka mpira, akarudi nyuma, akaupiga kwa nguvu zake zote upande wa kushoto, chini. Yule mtu aliuendea, akaudaka. Hakuupangua, aliudaka, akabaki amelala ubavu juu yake. Beki mkubwa alipiga makofi mawili, akaona anapiga peke yake, akaacha. Nyapara akatuambia tosha, watu warudi kwenye mashine, hakuna haja ya kipindi cha pili.

Nilimfuata mpaka nje ya uwanja. Alikuwa anavaa koti lake. Nikaanza kumwomba radhi, nikaeleza kwamba sikukusudia, kwamba mikono tu, kwamba neno lile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," akasema. "Ungekuwa umepanga, usingechekesha watu hivyo."

Nilitembea naye mpaka barabarani, mahali malori ya kwenda upande wa Gilgil yaliposimama. Tulipokuwa tukingoja akaniuliza kama Jumamosi ijayo tunacheza. Nikasema ndiyo, na timu kutoka Nairobi. Akasema amenitazama mazoezini, na kwamba kwenye kona nasimama vibaya, nimegandana na mlingoti wa karibu, nikitoka nachelewa. Akavua kofia akaiweka chini, ikawa mlingoti mmoja, akaweka jiwe likawa wa pili, akasimama katikati ya barabara ya vumbi kunionyesha. Hapa. Mwili uelekee huku, si kule. Mguu huu nyuma. Ungoje, utoke mara moja tu, usirudi. Akanifanya nisimame mimi, akanishika mabega akanigeuza kidogo. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome. Dereva wa lori alipiga honi. Akaokota kofia, akaipangusa, akapanda juu ya magunia na watu wengine. Hakupunga, kwa sababu alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili.

Hakucheza tena. Alipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mzungu mmoja upande wa Gilgil, na baada ya uhuru alipata ekari zake chache huko huko. Mimi nililinda lango la kinu miaka mingine mingi, mpaka goti likakataa. Mke wangu hakuwahi kuniuliza ilikuwaje siku ile. Aliona tunabaki, akapika.

Jumamosi iliyofuata watu wa Nairobi walitubana mpaka mwisho. Tulikuwa mbele kwa bao moja, wakapata kona. Nilisimama mahali aliponionyesha, mwili ukielekea alikosema, mguu mmoja nyuma. Nikangoja. Mpira ulipokuja nilitoka mara moja, na nikaita neno lile, kwa kuwa miguu ya mabeki haikujua lingine. Sasa nilijua ninasema nini. Wakaondoka wote, nikaudaka kichwani mwa fowadi wao, na filimbi ikalia nikiwa bado nimeukumbatia.

Watu waliingia uwanjani wakaniinua mabegani. Walinibeba wakiimba jina langu, wakanizungusha kinu chote, wakanitoa mpaka barabarani. Kutoka juu kule niliiona barabara ya Gilgil inavyokwenda, nyeupe, haina kitu. Niliwaomba wanishushe. Niliwaomba tena, lakini kwa kelele zile hakuna aliyesikia.